Unakwenda Bagamoyo Kuona Nini?



Msimu wa safari umefika. Ukifungua magrupu ya WhatsApp ya vijana wa parokia zetu, kuanzia VIWAWA hadi wanakwaya, tangazo ni lile lile: "Hija na Utalii Bagamoyo." Basi linaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, mchango unajumuisha chakula cha mchana, fulana za rangi moja, usisahau nguo ya kuogelea. Wengine wanapanga kuvuka kwenda Zanzibar. Wengine wanakuja huku kwetu Pugu, kwenye kituo cha hija. Ni jambo jema. Kijana anayetoka na wenzake kwenda kuijua nchi yake na Kanisa lake, tumpongeze.

Ila hilo neno "na" lililokaa kati ya "hija" na "utalii" limekuwa likinisumbua. Tunaliandika haraka haraka kana kwamba mambo haya mawili yanakaa pamoja bila shida, kama wali na maharage. Je, yanakaa? Niliweke swali waziwazi ili tulifikirie pamoja: ni halali kwa Mkristo kwenda kujifurahisha mahali ambapo watu wengine waliteseka? Na kama ni halali, macho yetu yanatakiwa kufanya nini pale?

Usiseme hili ni swali la wasomi. Wote tumeshaziona zile picha mtandaoni: mtu amesimama mahali pa kumbukumbu ya watumwa, mnyororo ameuweka shingoni, ulimi nje, vidole viwili juu, na chini yake emoji za kucheka. Ukimuuliza atakujibu, "Kwani kuna ubaya gani? Wale walishakufa zamani." Basi tumchukulie kwa uzito. Kuna ubaya gani?

Mahali penyewe

Tuanze na Bagamoyo, maana ndiko mabasi mengi yanakoelekea, kilomita kama 70 tu kaskazini mwa Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi, na pamoja na pembe walifika watu waliokamatwa bara, wakavushwa kwa majahazi kwenda Unguja. Jina la mji watu hulieleza kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni la mpagazi anayefika pwani na kutua mzigo: bwaga moyo, sasa pumzika. Wapo wanaosema ni la mtumwa anayeiona bahari na kujua kwamba kwao harudi tena, basi moyo wake anaubwaga pale pale. Jina moja limebeba faraja ya mmoja na kilio cha mwingine.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni hapa. Walikomboa watumwa, hasa watoto, wakajenga kijiji cha Kikristo cha watu huru, shule, karakana na mashamba. Ukifika leo utaona mnara wa kanisa la kwanza, ule tunaouita Mnara wa Livingstone kwa sababu mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja mwezi Februari 1874. Utaona mbuyu uliomeza mnyororo. Utaona makumbusho katika nyumba ya zamani ya masista, makaburi ya wamisionari ambao wengi walikufa wakiwa bado vijana, na msalaba karibu na bahari. Ukiingia mjini utaonyeshwa mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Na kule Kaole kuna magofu ya misikiti na makaburi yaliyokuwepo karne nyingi kabla ya misheni yoyote.

Sasa, hayo yote unaweza kuyamaliza kwa saa tatu. Picha hamsini, soda ya baridi, kisha ufukweni. Na tuseme ukweli, wengi tunamaliza hivyo hivyo.

"Frateri, kwani kufurahi ni dhambi?"

Hapana, na hili ni la kusema mapema. Mtoto Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili alikwenda hija Yerusalemu na wazazi wake, na msafara ulikuwa mkubwa, umejaa ndugu na jamaa, kiasi kwamba Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakidhani mtoto yuko na wenzake. Huo haukuwa msafara wa watu walionuna. Hija imekuwa na nyimbo, chakula na urafiki tangu zamani. Watoto waliokombolewa pale misheni nao waliimba na kucheza juu ya ardhi ile ile. Tena mwongoza wageni na mama anayekaanga samaki pale mjini wana watoto wa kusomesha, na kipato chao kinatoka kwako wewe uliyekuja kutembea. Kwa hiyo anayesema "hapa pana huzuni, nyamazeni wote mrudi nyumbani" hajatusaidia.

Lakini lile jibu lingine, kwamba wale walishakufa, Mkatoliki hawezi kulitumia. Sisi tunaungama ushirika wa watakatifu kila Dominika. Tunatoa nia za Misa kwa ajili ya marehemu. Mwezi Novemba tunakwenda makaburini na mishumaa. Kama kufa kunamfanya mtu asistahili tena heshima yetu, hayo yote tunayafanya kwa ajili ya nani? Jaribu hivi: mtu akijipiga picha ya utani juu ya kaburi la bibi yako, utamwambia "endelea tu, alishakufa"? Hutamwambia hivyo. Waliopitishwa Bagamoyo walikuwa bibi na babu za watu. Kwa kuwa hatuna orodha, hujui kama si wako.

Kwa hiyo furaha si tatizo, na kupita kwa miaka hakuondoi tatizo. Mimi naona tatizo liko kwenye macho.

Alipio na macho yake

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Kijana huyu alikwenda Roma kusomea sheria. Alichukia kabisa michezo ya watu kuuana uwanjani. Siku moja marafiki zake wakamvuta kwa nguvu hadi uwanjani, naye akawaambia kwamba wanaweza kuuleta mwili wake pale lakini akili yake hawataipata. Akaketi, akafumba macho. Kisha umati ukapiga kelele kubwa, mtu ameanguka. Alipio akashindwa, akafumbua macho "aone tu." Augustino anaeleza kwamba kijana yule aliumia rohoni kuliko yule aliyeanguka alivyoumia mwilini. Hakuondoka tena. Alishangilia pamoja na wengine, na baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wengine waje.

Alipio hakumgusa mtu. Hakushika upanga. Alitazama tu, na kutazama kukambadilisha. Ndiyo maana siwezi kukubali tunaposema "nilikuwa naangalia tu." Hakuna kuangalia tu. Unachokitazama, na jinsi unavyokitazama, kinakujenga au kinakubomoa polepole. Kizazi chetu kinachoangalia ajali barabarani kupitia kamera ya simu kabla ya kumsaidia aliyelala chini kinalijua hili, hata kama hatupendi kulisema.

Viwanja kama vile bado vipo. Kusini mwa Ufaransa, katika miji ya Nîmes na Arles, viwanja vya Warumi vimesimama mpaka leo karibu vizima. Watalii wanapanga foleni, wanakata tiketi, wanapiga picha, na siku nyingine kuna matamasha ndani yake. Ukipanda juu kwa kufuata mto Rhône unafika Lyon, ambako kuna mabaki ya uwanja mwingine. Huko mwaka 177 Wakristo waliuawa mbele ya watazamaji. Mmoja wao ni Blandina, na Blandina alikuwa mtumwa. Barua waliyoiandika Wakristo wa Lyon na Vienne baada ya mateso yale ilihifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, ndiyo maana tunajua. Tajiri wake wa kike, naye Mkristo aliyekamatwa, alikuwa na hofu kwamba binti yule mwenye mwili dhaifu hataweza kuvumilia. Blandina akawachosha watesaji wake.

Barua ile ina jambo moja ambalo kila nikilisoma nanyamaza. Blandina alifungwa kwenye mti katikati ya uwanja. Watu kwenye ngazi za mawe walimwona mtumwa anayewaburudisha mchana wao. Wenzake waliokuwa wakiteswa naye walimtazama, na katika umbo lake wakamwona Yule aliyesulubiwa kwa ajili yao. Saa moja, mahali pamoja, mwili mmoja, na watu hawakuona kitu kimoja.

Ndugu yangu, mgeni anayesimama pale leo, au anayesimama kwenye vyumba vya chini ya ardhi Mkunazini Zanzibar, au chini ya mnara wa Bagamoyo, ameingia uwanjani akiwa amechelewa. Mateso yameshakwisha. Lakini bado anachagua ataketi na watazamaji gani.

Neno letu lenyewe: kutalii

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anatofautisha namna mbili za kutaka kujua. Kuna bidii ya kujua, ambayo kwake ni fadhila: mtu anatafuta ukweli kwa makini na kwa lengo jema. Na kuna udadisi, ambao kwake ni kasoro: mtu anataka kuona ili tu ameona, au anaona kitu kisha hakirejeshi kwenye lengo lolote, au kile anachokiona kinamzoesha ukatili na tamaa. Hata kutazama michezo anakuzungumzia hapo. Haulizi kama umetazama au hukutazama. Anauliza kutazama kwako kunakupeleka wapi.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinanifurahisha. Neno "kutalii" limetoka kwenye Kiarabu, na katika kamusi za zamani maana yake ni kusoma kwa makini, kuchunguza, kudurusu. Mtalii hakuwa mtu wa kofia na kamera. Alikuwa mtu aliyeinama juu ya kitabu. Baadaye neno likahama likaenda kwa msafiri, na huenda wazo lilikuwa zuri: msafiri anausoma mji kama anavyosoma kitabu.

Kwa hiyo sitaki tulifute neno "utalii" kwenye tangazo la parokia. Liacheni. Tatizo letu ni kwamba tukifika Bagamoyo hatutalii vya kutosha. Tunafungua kitabu, tunajipiga picha na jalada, tunakifunga. Hija na utalii vinaweza kukaa pamoja vizuri sana, mradi utalii uwe kusoma. Na ukisoma kwa makini mahali kama pale, utajikuta hatua kwa hatua umekuwa hujaji, upende usipende.

Namna ya kusoma mahali

Nina mambo matatu.

La kwanza, tafuta watu. Majengo yanakuja yenyewe machoni, watu inabidi uwatafute. Chukua ule mnara. Unaitwa kwa jina la Livingstone, lakini Livingstone hakufika pale kwa miguu yake. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walioubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi baharini ni Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Ukisimama hapo ukaona jina moja tu, umesoma nusu ya ukurasa.

Au chukua Suema. Alikuwa mtoto wa Kiyao. Alichukuliwa utumwani pamoja na mama yake, na mama aliposhindwa kutembea na msafara aliachwa nyuma afe. Suema alifika Unguja akiwa mgonjwa mno, hana bei sokoni, basi akafungwa kwenye mkeka akazikwa akiwa bado hai. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni. Padre Horner aliandika kisa chake, na kikachapishwa Ufaransa mwaka 1870. Mapadre na masista wa misheni ile ya Unguja ndio waliokuja kufungua Bagamoyo. Safari ijayo usiseme "watumwa walipita hapa," kana kwamba ni mzigo mmoja mkubwa. Sema Suema. Ukishakuwa na jina moja, ule utani na mnyororo unakufa wenyewe mdomoni.

La pili, kubali ukweli wote, hata ule unaoiuma familia yako. Na familia ninayoisema ni Kanisa. Wamisionari wa kwanza walikuja Zanzibar mwaka 1860 wakitoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1848 tu, na ambako watu wa pwani yetu walikuwa wamepelekwa kufanya kazi mashambani. Maana yake, mikono iliyokomboa ilitoka kwa taifa lililokuwa limenunua. Hata ndani ya kijiji cha watu huru maisha yalikuwa ya kengele na sheria kali. Anayesoma Bagamoyo ili awanyooshee kidole Waarabu peke yao, au Waislamu, au Wazungu, au wale machifu wa bara waliouza watu, hajasoma. Amechagua kurasa.

Hapa kwetu Pugu tunalijua hili kwa karibu. Wageni wengi wanaijua Pugu kwa ajili ya shule alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili atumikie TANU. Lakini historia yetu inaanza mwaka 1888, Wabenediktini walipofika na kufungua misheni. Mwaka huo huo Kampuni ya Wajerumani ilianza kutawala miji ya pwani, ikapandisha bendera yake na kukusanya ushuru, na watu wa pwani wakaasi. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa. Sista Martha Wansing, Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerk waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Desemba mwaka huo huo Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita ile, akanyongwa na Wajerumani huko Pangani.

Ukija kuhiji Pugu utasali kwa ajili ya hao watatu, na ni haki. Walikuja kuhubiri, hawakuja kutawala. Lakini unaweza pia kuelewa kwamba mtu wa pwani aliyeona nchi yake inachukuliwa hakuwa na namna rahisi ya kutofautisha Mjerumani wa bendera na Mjerumani wa msalaba. Kuelewa hilo hakupunguzi damu yao hata tone. Kunakuzuia tu usifanye kumbukumbu yao kuwa fimbo ya kumpigia jirani yako Mwislamu, ambaye pengine babu yake alinyongwa mwaka ule ule. Nadhani shahidi wa kweli hapendi kufanywa fimbo.

La tatu, mahali pakikuuliza swali, jibu. Turudi Lyon kidogo. Mji ule ule wa Blandina ndiko alikozaliwa Pauline Jaricot, aliyetangazwa Mwenyeheri mwezi Mei 2022. Alikuwa msichana wa familia ya wafanyabiashara wa hariri. Alianza kuwakusanya wafanyakazi wa viwandani katika vikundi vya watu kumi kumi, kila mtu anasali na kutoa senti moja kwa wiki kwa ajili ya misheni. Mwaka 1822 likazaliwa kutokana na hapo Shirika la Kueneza Imani, ambalo michango yake ilizisaidia misheni duniani kote, na Bagamoyo ikiwemo. Pauline alikufa mwaka 1862, kabla hata misheni ya Bagamoyo haijafunguliwa. Wale wafumaji wa hariri hawakupiga picha hata moja ya bahari yetu. Mimi nasema waliiona Bagamoyo kuliko wengi wetu tunaofika na basi.

Kipimo kiko nyumbani

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika mfano wa Msamaria mwema kuna wasafiri watatu, na Yesu anasema wazi kwamba wote watatu walimwona mtu aliyejeruhiwa. Kuhani aliona. Mlawi aliona. Tofauti yao na Msamaria haikuwa macho, ilikuwa kile kilichofuata baada ya macho. Hivyo usinieleze ulilia kiasi gani ukiwa makumbusho Bagamoyo. Nieleze ulipofika nyumbani saa mbili usiku, nani alikufungulia geti?

Katika nyumba nyingi za jiji hili, aliyefungua ni binti wa kazi. Ametoka mkoani, ameletwa na mtu anayemwita shangazi, pengine hata umri wake haujulikani vizuri. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, mara nyingine sakafuni jikoni. Mshahara wake "anatunziwa." Simu yake ameshikiliwa ili "asiharibike." Dominika wenye nyumba wanapokwenda Misa yeye anabaki kupika. Anaitwa "dada" na kila mtu, na hakuna anayejua jina la baba yake.

Sisemi kila nyumba iko hivyo. Ziko familia zinazomlipa vizuri, zinamsomesha cherehani, zinakwenda naye kanisani. Mungu azibariki. Wala sisemi binti wa kazi ni sawasawa na mtumwa wa mwaka 1868. Tuwe makini na maneno. Lakini palipo na mtoto asiyelipwa, asiyeweza kuondoka, na asiye na wa kumlilia, mnyororo upo, hata kama hauonekani kwenye picha. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza biashara ya kusafirisha binadamu, kwa sababu jambo hilo halijaisha. Na tangu mwaka 2015 Kanisa linasali kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa mara kadhaa, kwa ajili ya wanaouzwa leo.

Soma Mwanzo sura ya 16. Hajiri alikuwa binti wa kazi katika nyumba ya Abramu na Sarai, nyumba ya waamini kabisa, baba yetu katika imani. Akanyanyaswa, akakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Huko malaika wa Bwana akamkuta, akamwita kwa jina lake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Katika sura ile Abramu na Sarai hawamtaji kwa jina hata mara moja, kwao yeye ni mjakazi tu. Naye Hajiri akampa Mungu jina: Mungu anionaye. Fikiria hilo. Katika Biblia nzima, anayempa Mungu jina hilo ni mfanyakazi wa ndani aliyekuwa amekimbia kazi.

Basi kutazama kwa Mkristo kunaanzia hapo. Mungu wetu ni yule anayemwona aliyesahaulika na kumwita kwa jina. Tunakwenda Bagamoyo kujizoeza macho ya namna hiyo. Mahali pale ni kama shule: unajifunza kumwona Suema ili ukirudi umwone aliyeko jikoni kwenu. Ukitoka pale ukiwa na picha nzuri na macho yale yale, hukudhulumu wafu peke yao. Umejidhulumu na wewe nauli yako.

Ukienda

Nendeni, jamani. Imbeni kwenye basi, kuleni, ogeleeni. Ila kabla ya ufukwe, kaeni nusu saa bila simu chini ya ule mnara, msome kisa cha mtu mmoja kwa sauti, msali fumbo moja la rozari kwa ajili yake. Picha pigeni baadaye, na kabla hujaposti jiulize kama Suema angekuwa dada yako ungeweka maneno gani chini yake. Mpeni mwongoza wageni haki yake bila kubana. Na kama nyumbani yupo dada, mwombee ruhusa na nafasi kwenye basi. Mchango wake mlipieni ninyi.

Maswali ya kutafakari kwenye jumuiya au kikundi chenu:

1. Mara ya mwisho ulipotembelea mahali pa kihistoria, ulitoka na jina la mtu gani?
2. Ni ukurasa gani wa historia ya Kanisa letu hapa Tanzania ambao unaurukaruka usipousoma?
3. Nani yuko karibu nawe kila siku, unamwona, lakini hujawahi kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi?

Tusali. Ee Mungu unayetuona, ulimwona Hajiri jangwani na Blandina uwanjani. Wapokee katika raha yako wote waliopita njia ya Bagamoyo, tunaowajua kwa majina na ambao ni wewe tu unayewajua. Tusafishe macho. Utupe kuwaona walio karibu, na mikono ya kufanya kile macho yametuonyesha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi Frateri wenu, Pugu. Tuombeane.